Majeshi Yaliyokuja Kutoa Pole

Katika nchi ambayo sitaitaja, kwa sababu wakati ule hata yenyewe haikuwa na jina, mfalme alikufa asubuhi akiwa ameagiza uji. Uji ulipofika, Mwinyi Kombo, Mkuu wa Desturi, aliamuru uwekwe pale pale kando ya kitanda, kwa kuwa amri ya mfalme ilikuwa haijatenguliwa na mtu mwenye mamlaka ya kuitengua. Mtu huyo hakuwapo. Basi uji ukakaa hadi ukaota ukungu, na nchi nayo, kwa namna fulani, ikakaa vilevile.

Naomba msomaji asiwacheke watu wale. Walikuwa na visima vya maji matamu, mashamba ya mtama yaliyopanda hadi kwenye mteremko wa kaskazini, na tabia ya kusalimiana kirefu hata mvua inaponyesha. Kila mfalme aliyetawazwa aliipa nchi jina lake, na alipokufa aliondoka nalo. Kati ya mfalme mmoja na mwingine nchi haikuitwa chochote, na wajumbe waliotumwa kutoka nje walirudi kwao wakisema hawakupaona mahali walikotumwa.

Kwa kawaida hali hiyo haikudumu, kwa sababu desturi ya kurithi ilikuwa nyepesi kuliko zote duniani. Mwanamume ambaye mkono wake utakuwa wa kwanza kutupa udongo katika kaburi la mfalme, huyo ndiye mfalme. Hakukuwa na kura wala vita. Wafalme wa zamani walikuwa na hekima ya kuzaa mtoto wa kiume mmoja tu, au ya kuwapunguza wengine mapema.

Mfalme huyu hakufanya hivyo, maana alikuwa mpole. Alikuwa na mtoto wa kiume, Fumo Shambe, na dada yake Bi Tima naye alikuwa na mtoto wa kiume, Mwinyi Chande. Nusu ya Baraza ilikumbuka vizuri kwamba nchi hurithiwa na mwana. Nusu nyingine ilikumbuka vizuri kwamba hurithiwa na mpwa, kwa sababu baba wa mtoto ni habari ya kuambiwa, lakini mama huonekana. Kila nusu ilikuwa na mashahidi, na mashahidi wote walikuwa wamekufa zamani, jambo lililowafanya wasiweze kubanwa kwa maswali.

Aliyemuuguza mfalme alikuwa binti yake, Mwana Somoe. Alikuwa amekaa kichwani pa kitanda wakati kaka yake Shambe na binamu yake Chande walipoingia pamoja, bega kwa bega, kila mmoja akijitahidi asitangulie wala asiachwe. Wote wawili walikuwa wamekunja ngumi. Maji ya udongo mbichi yaliwachuruzika kati ya vidole.

Mfalme hakuwa akiona tena. Alinusa tu.

"Somoe," akasema, "mvua imenyesha?"

Somoe akaitazama mikono ya kaka zake.

"Ndiyo, baba. Imenyesha."

"Vizuri. Mtama utapona. Nizikeni upesi, mwanangu. Kando ya mama yako, pale mteremkoni. Msiniache nikitazamwa."

Alikuwa mtu wa haya, mfalme yule. Maisha yake yote hakupenda kutazamwa akila, na siku ya kutawazwa kwake alisimama nyuma ya mwavuli. Akaomba uji, na kabla haujafika akafa.

*

Baraza lilikaa siku hiyo hiyo. Mwinyi Kombo alisimama, akapanga mikunjo ya kanzu yake, akasema maneno ambayo mpaka leo nayaona mazuri sana.

"Waheshimiwa, nchi haina haraka. Wenye haraka ni wafu na watoto. Tukimzika mfalme kabla ya kukubaliana mkono wa kwanza ni wa nani, tutakuwa tumemzika mfalme na desturi katika shimo moja. Kwa hiyo mfalme hatazikwa. Atasubiri. Na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wetu, atasubiri kwa heshima."

Kusubiri kwa heshima kulihitaji asali. Walichonga hori la mti wa mvule, wakamlaza mfalme ndani yake, na mizinga yote ya nchi ikarinwa kwa amri ili asali imfunike asiharibike. Watoto waliolia kwa kukosa asali waliambiwa kwamba wanachangia taifa. Hori likawekwa katika ukumbi mkubwa, mlango ukaachwa wazi, na wananchi wakaruhusiwa kupita wakitazama. Nyuki nao walikuja. Hao tu ndio walioifuata asali yao bila kuomba ruhusa, na hakuna aliyethubutu kuwauliza.

Somoe alikaa kando ya hori tangu asubuhi mpaka milango ilipofungwa. Aliweka kitambaa juu ya uso wa baba yake. Maofisa wa Mwinyi Kombo walikiondoa, kwa sababu mfalme anayefunikwa uso anaweza kudhaniwa amekufa rasmi. Alikiweka tena. Walikiondoa tena. Wakati wa chakula maofisa walikwenda kula, na Somoe hakwenda, kwa hiyo kila siku uso wa mfalme ulipata kupumzika kidogo.

"Kaka," alimwambia Shambe siku moja alipopita, "mpe Chande hiyo nchi ili baba azikwe."

"Mwambie Chande anipe mimi."

"Nimeshamwambia."

"Akasemaje?"

"Kama ulivyosema wewe. Na yeye pia hakumtazama baba."

Shambe akatazama asali kwa muda mfupi, akayakwepesha macho. "Wewe ni mtoto wa kike, Somoe. Una bahati. Unaweza kulia tu ukamaliza."

*

Wako watu wanaosema kwamba baada ya hapo nchi ile ilivamiwa. Sipendi neno hilo. Watu wale hawakuvamiwa, walifarijiwa.

Ilikuwa hivi. Fumo Shambe, akihisi kwamba binamu yake ana marafiki wengi Barazani, aliandika kwa Sultani wa Bondeni akimtaarifu juu ya msiba na kumwomba aje kumfariji, ikiwezekana na askari. Mwinyi Chande, kwa kusikia hivyo, naye alimwandikia Mfalme wa Milimani kwa maneno hayo hayo, ila yeye alitaja pia wapiga mishale. Watawala wote wawili walikuwa watu wenye huruma nyingi. Kwa miaka mingi walikuwa wameihurumia nchi ile, hasa visima vyake.

Desturi ya matanga mnaijua. Mlango wa msibani haufungwi. Anayekuja kutoa pole haulizwi amebeba nini. Na mfiwa humlisha aliyemjia mpaka maiti azikwe, mfiwa aanue matanga, na mgeni naye atupe udongo wake kaburini ndipo aende kwao. Ni desturi ya ukarimu mkubwa. Haikuwahi kumpitia mtu akilini kwamba maziko yanaweza kuchelewa.

Basi Amiri wa Bondeni alifika kwenye lango la kusini na watu wengi kiasi kwamba vumbi lao liliingia mjini kabla yao. Mlinzi wa lango alimsalimu vizuri.

"Poleni sana na msiba," alisema Amiri.

"Tumeshapoa. Karibuni. Samahani, mheshimiwa, hizo ngazi ndefu ni za nini?"

"Za kupanda ukutani, tuuone msiba vizuri. Tumesikia ni mkubwa."

"Na hilo gogo lenye kichwa cha chuma?"

"Kuni," alisema Amiri. "Hatukutaka kuja mikono mitupu."

Mlinzi alishukuru, akaandamana nao mpaka uwanjani akiwaonyesha njia. Wakati huo huo Amiri wa Milimani alikuwa akiingia kwa lango la kaskazini, naye akiwa na majonzi makubwa na wapiga mishale wa kutosha. Majeshi mawili yalikutana uwanjani mbele ya ukumbi. Yalitazamana. Mwinyi Kombo aliwahi kutokeza, akanyoosha mikono, akatangaza kwamba wote ni wafiwa na kwamba katika uwanja wa msiba hakuna mtu anayempiga mwenziwe. Maamiri wakakubali mara moja. Kila mmoja alikuwa amekwisha kupiga hesabu akaona kwamba atakayeanza vurugu atageuka mvamizi, na mwenziwe atageuka mlinzi wa wafiwa, na mlinzi wa wafiwa angekuwa na haki ya kubaki.

Hivyo walikaa. Na waliokaa walilishwa.

*

Wanawake wa mji walipika. Walipika mtama, wakapika kunde, wakapika viazi vikuu, na walipomaliza akiba za nyumbani wakapika mbegu. Mbuzi walikwisha. Wafariji waliokuwa wapole mwanzoni walianza kuulizia chumvi. Kisha wakaanza kuuliza kwa nini nyama ni kidogo, na mmoja wa Bondeni alitupa bakuli chini akisema kwamba kwao hata msiba wa punda una nyama kuliko huu.

"Basi rudi kwenu ukamlilie punda," alisema Bi Tima, dada wa marehemu, aliyekuwa akipakua.

"Mama, siwezi kurudi mpaka mzike."

"Na mimi siwezi kuzika mpaka mrudi. Shika bakuli lako."

Bi Tima alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Tangu majeshi yaingie alikuwa hajasema na mwanawe Chande ila mara moja, alipomkuta akijipima joho jipya.

"Mama, nikiwa mfalme utakaa kivulini, hutagusa jungu."

"Mjomba wako amelazwa kwenye hori kama chakula cha ng'ombe, Chande. Alikufundisha kutembea yule. Uliwahi kumtapikia begani, hakukutua." Akaichukua ncha ya joho, akafuta nayo masizi mikononi, akaondoka.

Maamiri nao hawakukaa bure. Amiri wa Bondeni, kwa kutaka kuwapunguzia wafiwa kazi, aliwaondolea shida ya kulinda visima vya kusini. Amiri wa Milimani akawaondolea shida ya visima vya kaskazini. Wote wawili walitoa ubani: Bondeni kifurushi kimoja cha udi, Milimani ngozi ya chui iliyoliwa na nondo. Mwinyi Kombo alipokea kwa hotuba ndefu. Alisema tangu aanze kazi hajaona msiba uliohudhuriwa namna ile, na kwamba mataifa yanayoipenda nchi kiasi cha kushindwa kuondoka ni neema.

Lakini watu hawakuwa na raha. Walilala nusunusu. Mtu aliyekuwa akizungumza alikatisha sentensi yake ili asikilize kama kuna kishindo, na kama hakuna, alisahau alichokuwa akisema. Watoto walicheza mchezo wa kukimbia tu, usio na mwisho wala mshindi. Huko ukumbini asali ilikuwa ikipungua, kwa sababu askari walikuwa wameanza kupita karibu na hori wakiwa na vipande vya mikate.

Siku Somoe alipomwona mmoja akilamba kidole, aliinuka, akajitwisha mtungi wa togwa, akaenda Barazani.

*

Wanawake hawakuruhusiwa kuingia Barazani ila kwa kuleta togwa. Wazee walikuwa wakijadili kwa mara nyingine kama mikono miwili inaweza kutupa udongo kwa wakati mmoja, na nani atapiga makofi kuhesabu. Somoe alimimina togwa polepole, akafika kwa Mwinyi Kombo mwishoni.

"Mwinyi wangu, naomba kuuliza kitu cha kijinga."

Mwinyi Kombo alipenda maswali ya kijinga, kwa kuwa alikuwa na majibu yake. "Uliza, binti yangu."

"Mimi nikitupa udongo kaburini, nitakuwa mfalme?"

Baraza lilicheka mpaka togwa likamwagika. Hata Shambe na Chande, walioketi pande mbili za chumba, walicheka pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu utoto wao.

"Hapana, mwanangu," alisema Mwinyi Kombo akijifuta macho. "Desturi inasema mkono wa mwanamume. Mkono wa mwanamke si mkono kwa maana ya desturi. Ni kiungo tu."

"Kwa hiyo nikitupa, hakuna aliyetupa?"

"Hakuna kabisa."

"Na sisi wanawake wote tukitupa?"

"Hata mkitupa mlima mzima. Ni sawa na upepo umepeperusha mchanga. Wanaume wenye haki zao watakuwa bado hawajaanza."

"Basi haki ya kaka haitapotea? Wala ya Chande?"

"Haitapungua hata punje."

"Naomba Baraza liseme hivyo, nisije nikakosea."

Baraza lilifurahi kupata jambo ambalo pande zote zililikubali. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mfalme afe. Lilipitisha kwa sauti moja kwamba mkono wa mwanamke si mkono, likaagiza mpiga mbiu alitangaze mjini kote, likavunja kikao mapema kwa ajili ya kupumzika. Somoe alikusanya vikombe, akashukuru, akatoka.

*

Walimzika mchana kweupe, jua likiwa juu ya vichwa, maofisa wa ukumbini wakiwa wamekwenda kula.

Maamiri walikuwa wamewaamuru askari wao wamzuie mwanamume yeyote atakayeonekana karibu na makaburi akiwa na udongo. Askari walitii. Waliona wanawake wakipita na majembe, wakawapisha. Waliona wanawake wakibeba kitu kizito kilichofungwa katika shuka, kikidondosha asali njiani, na nyuki wakikifuata kama wafiwa wa karibu. Askari mmoja wa Bondeni alimuuliza mkubwa wake kama wazuie.

"Hukusikia mbiu?" alisema mkubwa wake. "Hapa hakuna mikono."

Walichimba pale mteremkoni, kando ya kaburi la mama yake Somoe. Bi Tima alishuka shimoni mwenyewe kumpokea kaka yake. Kwa mara ya kwanza tangu kufa kwake mfalme hakutazamwa na mtu, kwa sababu wanawake walisimama wakizunguka na shuka zao wamezinyanyua, na wote wamegeuza nyuso nje.

Somoe alichota udongo. Akautupa, ukatoa sauti ndogo. Akachota tena, na wenzake wakachota, mpaka shimo likajaa. Kisha akakaa chini, akalia kilio alichokuwa amekiweka tangu siku ile ya kunusa mvua.

Walipomaliza walirudi mjini. Bi Tima alikwenda jikoni uwanjani, akamwaga ndoo ya maji juu ya moto wa jungu kubwa kuliko yote.

"Kaka yangu amezikwa," alisema kwa ile sauti yake. "Matanga tumeanua. Tunashukuru kwa kuja. Kila mtu akale kwake."

*

Hapo Mwinyi Kombo alipata ugonjwa wa kichwa. Mfalme alikuwa amezikwa, hilo halikukanushika. Lakini hakukuwa na mkono uliomzika, hilo nalo Baraza lilikuwa limelitangaza kwa mbiu. Shambe alitaka kukimbia mteremkoni akatupe udongo wake, Chande naye vilevile, na kila mmoja alikuta mikuki ya rafiki wa mwenziwe imemzuia njiani.

Wafariji sasa hawakuwa na chakula. Mfariji aliyemaliza msiba anapaswa kutupa udongo wake kaburini aende zake. Lakini askari yeyote ambaye angetupa udongo angekuwa mwanamume wa kwanza, na Maamiri wote wawili walikuwa wameapa kumkata kichwa mtu wa aina hiyo, kila mmoja akihofia atatoka upande wa pili. Hivyo askari hawakuweza kubaki wala kuondoka. Walikaa uwanjani wakitazama majungu yaliyopoa. Watu wa mji nao walifunga pamoja nao, kwa sababu moto ukiwashwa kwa mmoja moshi huonekana na wote. Somoe alisikia watoto wa jirani wakilia njaa, na kila walipolia alijiuliza kama yeye ndiye anayewaua.

Alasiri moja ya joto, Maamiri wakiwa wamejilaza kuokoa nguvu, Somoe alikuwa mteremkoni akiondoa majani juu ya kaburi pamoja na shangazi yake na wanawake wachache. Akaja askari wa Milimani. Hakuwa kijana. Ndevu zake zilikuwa na mvi, na mkuki alikuwa akiutumia kama fimbo.

"Hodi," alisema, ingawa hapakuwa na mlango.

"Karibu," alisema Somoe. "Nani wewe?"

"Kimweta. Nilikuwa mfuga nyuki kwetu, kabla ya kuja kufariji." Akaegemea mkuki wake. "Nimepata habari jana. Mke wangu amekufa. Wamemzika majirani. Nimekuwa hapa muda wote huu kwenye msiba wa mtu nisiyemjua, na wangu umenipita."

Bi Tima aliacha kung'oa majani. "Pole, baba."

"Hakuna aliyeniambia neno hilo. Nimekuwa nikilisema tu."

Chini mjini mtoto alilia akaacha.

"Mwana," alisema Kimweta, "najua ni marufuku. Lakini sina kaburi jingine karibu. Nataka kuweka udongo mahali, niende nyumbani."

Somoe alimtazama. Alijua maana yake, na Kimweta naye aliijua.

"Wanaweza kukuua," alisema Somoe.

"Wanaweza. Wanaweza pia kunitawaza, na sijui lipi baya zaidi."

Kisha mwanamume yule alipiga magoti, akachota udongo kwa mikono yote miwili, akauweka juu ya kaburi polepole kama mtu anayemlaza mtoto. Akataja jina la mkewe. Akalia.

Kumbe askari wa zamu, wa pande zote mbili, walikuwa wakitazama. Hakuna aliyenyanyua mkuki. Mmoja wa Bondeni akaweka ngao chini, akaja akatupa konzi yake, akasema, "Pole, dada," akateremka kuelekea kusini bila kugeuka. Akaja mwingine. Likaja kundi. Habari ilishuka uwanjani kimya kimya, na watu wakapanda mteremko kwa mstari mrefu, wa Bondeni na wa Milimani wamechanganyika, kila mmoja na udongo wake na kila mmoja na mtu wake wa kumkumbuka. Jua lilipoelekea kuzama kaburi la mfalme mwenye haya lilikuwa kubwa kuliko ukumbi wake, na majeshi mawili yalikuwa njiani yakirudi makwao, bila ngoma.

*

Maamiri waliamka wakajikuta na walinzi wachache na hasira nyingi. Wakafunga malango. Kimweta, aliyecheleweshwa na Bi Tima aliyesisitiza ale kiazi cha kuchoma kwanza, alinaswa ndani.

Mwinyi Kombo aliwaita wote kaburini. Kichwa chake kilikuwa kimepona. Uso wake uling'aa.

"Desturi iko hai," alitangaza. "Mikono ya wanaume imetupa udongo. Mmoja wao alikuwa wa kwanza. Awe nani, awe wa wapi, huyo ndiye mfalme, na leo nchi itapata jina."

Amiri wa Milimani alitabasamu. Kama mtu huyo ni wake, nchi na visima vyake vilikuwa vimemwangukia kwa desturi ya wenyewe. Amiri wa Bondeni alishika mpini wa upanga, maana kama mtu huyo si wake, alikusudia kuukata mkono wake kabla haujashika fimbo ya ufalme. Fumo Shambe na Mwinyi Chande walinong'onezana na kuafikiana kwamba ukatwe vyovyote vile. Kimweta alisimama nyuma ya wanawake. Nusu ya kiazi ilikuwa bado mkononi mwake.

"Mwana Somoe," alisema Mwinyi Kombo, "wewe ulikuwapo. Hukuondoka kaburini mchana kutwa. Tuambie mwanamume aliyeanza ni nani. Neno lako moja, na msiba huu wa nchi unakwisha."

Somoe hakugeuka nyuma.

"Nilikuwa nalia, mwinyi wangu."

"Najua ulilia. Lakini uliona."

"Mtu anayelia haangalii mikono ya watu."

"Mchana kutwa ulikuwa unalia?"

"Alikuwa baba yangu."

Mwinyi Kombo akamgeukia Bi Tima, na sauti yake ikawa ya kubembeleza. "Bi mkubwa, huenda ni mwanao. Huenda Chande alikuja mapema, ukamwona."

Chande alimtazama mama yake. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kutazamwa namna ile, na Bi Tima aliyatazama macho hayo kwa muda mrefu.

"Na mimi nilikuwa nalia," alisema. "Yeye sikumsikia kulia. Kwa hiyo sidhani kama alikuwapo."

Waliulizwa wanawake wengine. Wote walikuwa wakilia. Waliulizwa askari wachache waliobaki, nao wakakumbuka kwamba vumbi liliwaingia machoni. Mwinyi Kombo akapekua kichwani mwake desturi zote za nchi, tangu zile za kutahiri mpaka zile za kugawa samaki, akitafuta inayomlazimisha mfiwa kuacha kulia ili atoe ushahidi. Hakuipata. Akaitisha Baraza likae kuijadili, na kwa ninavyojua halijainuka.

Maamiri waliondoka kwa zamu, wakitazamana, wakiacha ngazi zao ukutani. Huenda watarudi. Shambe na Chande wapo, na kila mmoja hutembea amekunja ngumi. Watu wa nchi ile bado hulala nusunusu, na mimi ninayewapenda sijui niwaambie nini, ila kwamba visima ni vyao tena na moto unawaka.

Kimweta alitoka asubuhi kwa lango la kaskazini. Mlinzi, ambaye sasa alikuwa amejifunza kuuliza, alimsimamisha.

"Ulikuja kwa shughuli gani?"

"Nilikuja msibani," alisema Kimweta.

Mlinzi akamtazama machoni, akampisha, akamwambia pole.